Namba tasa kubwa na maneno yake makubwa

Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani aliipata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Hapa Bukavu, ikitajwa tu mbele ya wapenda hesabu, madai hayaishi.

"Ndiyo ya mwisho." Siyo. Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Hata chini ya hii zimo nyingi ambazo hakuna aliyewahi kuziandika.

"Ndiyo inalinda pesa zetu za simu." Kulinda nini, na dunia nzima inaijua? Ufunguo wa kawaida wa RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwenye intaneti, huundwa kwa namba tasa mbili za siri, zenye tarakimu mia tatu na kidogo kila moja.

"Kipeo kikiwa tasa, jibu nalo ni tasa." Jaribu 11: unapata 2,047, yaani 23 mara 89. Padri Mersenne, ambaye namba hizi zina jina lake, aliiweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa tasa mwaka 1644. Mwaka 1903 Frank Cole akaonyesha vigawo vya 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, kwa hiyo siyo tasa.

"Nani atahakikisha? Tumeamini kompyuta za Wazungu tu." Swali hili lina haki yake, na jibu linatosha kwenye ubao wa darasa lolote la Kadutu, hapa hapa Bukavu. Chukua kipeo 5, namba 31. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31, shika baki. Rudia. Unapata 4, 14, 8, 0. Hatua ni kipeo kasoro 2, hapa 3. Ukifika 0 kwenye hatua ya mwisho, namba ni tasa, usipofika siyo. Ndicho kipimo cha Lucas na Lehmer. Kwa namba ya Durant hatua ni 136,279,839, kwa hiyo chaki haifai, lakini sheria ni ile ile. Na ilirudiwa kwa programu na mashine tofauti.

Limebaki dai tamu kuliko yote: "Namba tasa zilianzia kwetu, Ishango." Mfupa alioupata Jean de Heinzelin mwaka 1950, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, una umri wa miaka kama 20,000, na safu yake moja ina mikato 11, 13, 17 na 19: tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Inavutia, nakubali. Ila safu nyingine ina 9 na 21, ambazo si tasa, na ya katikati ina 4, 6, 8 na 10. Ajabu zaidi kwangu ni kwamba safu mbili za pembeni, kila moja, jumla yake ni 60. Jambo hilo halihitaji namba tasa hata kidogo. Kujua tasa kunahitaji kugawanya, na mfupa hauonyeshi mgawanyo wowote. Mwenye hamu ya kudai, adai mfupa wenyewe: uko Brussels hadi leo.