Maji Yagombanapo Kisimani

Kila mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba maji na mafuta havichangamani. Lakini ni wananchi wachache wanaojua kwamba hata maji na maji huweza kugombana, na kwamba ugomvi huo, ukitokea chini ya ardhi, huweza kukiziba kisima cha mafuta kilichogharimu mamilioni ya fedha. Jambo hili si la wahandisi peke yao. Nchi ambayo tangu mwaka 2004 inazalisha umeme kwa gesi ya Songo Songo, na ambayo mwaka 2021 ilitia saini mikataba ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, haina budi kulielewa. Na wa kwanza kulielewa wawe watumishi wa serikali wanaosimamia mikataba, pamoja na walimu wanaowafundisha vijana wetu sayansi.

Tuchukue mfano wa Bahari ya Kaskazini, ambako Uingereza na Norwe zimechimba mafuta kwa zaidi ya nusu karne. Mafuta yanapotolewa ardhini, msukumo wa asili unaoyapandisha hupungua. Ili kuurudisha, makampuni huchota maji ya bahari na kuyashindilia ndani ya mwamba, ili yayasukume mafuta kuelekea kwenye visima vya uzalishaji. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Maji ya bahari yana salfeti, kiasi cha gramu 2.7 hivi katika kila lita. Maji ya kale yaliyomo ndani ya mwamba mara nyingi yana bariamu. Kila moja likiwa peke yake ni maji maangavu, hayana dalili yoyote ya shari. Yakikutana, bariamu na salfeti hushikana na kuwa unga mweupe, mzito, usioyeyuka, ambao huganda ndani ya bomba na kuwa gamba gumu kama jiwe.

Walimu wa kemia wanaifahamu dutu hiyo. Ndiyo ile ile anayonyweshwa mgonjwa hospitalini kabla ya kupigwa picha ya eksirei ya tumbo. Bariamu iliyoyeyuka ni sumu, lakini mgonjwa hupewa salfeti ya bariamu bila hofu kwa sababu haiyeyuki na mwili hauwezi kuinyonya. Sifa hiyo hiyo inayomsalimisha mgonjwa ndiyo inayokiua kisima. Gamba la chokaa, kama lile tunaloliona ndani ya birika la chai, huondoshwa kwa asidi. Gamba la bariamu haliitii asidi. Hulazimu kulikwangua kwa mitambo au kulimumunya kwa kemikali maalumu za bei kubwa, na kazi hiyo huchukua siku nyingi ambazo kisima hakitoi kitu.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya vitabuni tu. Katika eneo la Miller, lililoendeshwa na kampuni ya BP upande wa Uingereza na kutoa mafuta kuanzia 1992 hadi 2007, kisima kimoja kilichokuwa kikitoa mapipa 30,000 kwa siku kilishuka hadi sifuri katika muda wa saa 24 kwa sababu ya gamba. Tena hasara haikomei kwenye mapipa. Gamba la bariamu huweza kunasa radiamu inayopanda na maji kutoka mwambani, hata mabomba ya zamani yakawa na mionzi. Mfanyakazi anayeyasafisha bila kinga, na kijiji kinachouziwa mabomba hayo kama chuma chakavu, wote wamo hatarini bila kujua.

Dawa ya maradhi haya ni kinga. Wataalamu huweka ndani ya maji kemikali za nyongeza, kama vile fosfonati na polima za namna mbalimbali, ambazo haziondoi bariamu wala salfeti, bali hushika chembe ya fuwele ingali changa na kuizuia isikue. Kiasi kinachohitajika huwa kidogo mno, pengine sehemu chache tu katika kila sehemu milioni za maji. Njia moja ni kuishindilia kemikali ndani ya mwamba unaokizunguka kisima, ikajinata humo, kisha ikarudi polepole pamoja na maji kwa muda wa miezi kadhaa. Njia nyingine, iliyoanza kutumika huko huko Bahari ya Kaskazini katika miaka ya 1980, ni kuyachuja maji ya bahari kwa utando maalumu na kuipunguza salfeti kabla maji hayajaingia ardhini.

Lakini hapa ndipo palipo na funzo kubwa kuliko yote: dawa zenyewe nazo hugombana. Kizuia gamba cha fosfonati kikikutana na maji yenye kalsiamu nyingi, huweza chenyewe kuganda na kuziba kile kilichotumwa kukilinda. Kizuia kutu chenye chaji chanya huweza kushikana na kizuia gamba chenye chaji hasi, vyote viwili vikapoteza nguvu. Methanoli, inayotiwa ili gesi na maji visigande kama barafu ndani ya bomba, ikizidi huweza kuitenga chumvi na kuiangusha. Asidi inayokusudiwa kukifungua kisima, ikichanganyika na chuma cha kutu na mafuta ya aina fulani, huzaa tope jeusi zito kuliko lile tatizo la awali. Hata maji baridi ya ziwa au mto yana hatari yake: yakiingia kwenye mwamba wenye udongo wa mfinyanzi, udongo huo huvimba na kuvifunga vitundu vinavyopitisha mafuta, ndiyo maana mara nyingi hutiwa chumvi ya potasiamu kwanza.

Kwa hiyo hakuna kemikali iliyo njema au mbaya kwa jina lake. Kuna kemikali inayopatana na maji haya, mwamba huu na mafuta haya, na kuna isiyopatana. Jambo hilo haliwezi kuamuliwa na tangazo la mwuzaji. Huamuliwa na sampuli, chupa za maabara, kipimajoto, na mtu aliyesoma ambaye yuko tayari kusubiri na kutazama.

Sasa tujiulize: mtu huyo ni nani, na anamtumikia nani? Bidhaa hizi huja ndani ya mapipa yenye majina ya kibiashara na namba, na yaliyomo huelezwa kuwa siri ya mtengenezaji. Wapo watakaosema kwamba siri ya biashara lazima iheshimiwe, na kwamba tukidai mno wawekezaji watatukimbia. Hoja hiyo haina uzito. Mataifa yanayoizunguka Bahari ya Kaskazini, chini ya Mkataba wa OSPAR uliotiwa saini Paris mwaka 1992, huyataka makampuni yaieleze serikali ni kemikali gani zitakazotumika baharini, zina sumu kiasi gani kwa viumbe, na huoza kwa kasi gani. Norwe imezigawa kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyeusi, na zile nyeusi haziruhusiwi kumwagwa baharini ila kwa sababu za pekee. Makampuni hayakuzikimbia nchi hizo. Siri imelindwa dhidi ya washindani, haikutumiwa kuinyima dola habari. Linalodaiwa Stavanger na Aberdeen haliwezi kuwa utovu wa adabu likidaiwa Mtwara, Kilwa au Tanga.

Tazama bomba la Tanga. Lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo katika ardhi yetu. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, nayo hugandamana katika joto la kawaida, ndiyo maana bomba limesanifiwa kuyatunza katika joto la nyuzi 50 au zaidi. Humo yanakusudiwa kupita mafuta ya Tilenga na ya Kingfisher yakiwa yamechanganywa. Katika mpango huo shirika letu la TPDC lina hisa asilimia 15, sawa na ndugu zetu wa Uganda kupitia shirika lao. Mwenye hisa ana haki ya kuuliza kinachotiwa ndani ya bomba lake, kwa kipimo gani, na kilijaribiwa na nani. Lakini haki ya kuuliza haimfai asiyejua la kuuliza.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusiyategemee maendeleo yetu kwa fedha za wageni. Katika zama hizi onyo hilo halina budi kufika hadi kwenye ujuzi. Kujitegemea si kukataa kemikali iliyotengenezwa ng'ambo. Ni kuwa na uwezo wa kuipima wenyewe na kusema hii inatufaa, ile haitufai. Vyombo tunavyo: tunaye Mkemia Mkuu wa Serikali, tunalo Baraza la Mazingira, tunayo mamlaka ya udhibiti wa petroli, na tunavyo vyuo vikuu. Kinachotakiwa ni kwamba kila mkataba ueleze bayana kuwa sampuli za maji, za mafuta na za kila kemikali zitakabidhiwa kwa maabara zetu kabla pipa la kwanza halijafunguliwa, na kwamba vijana wetu watakuwamo ndani ya chumba cha majaribio, wasiwe nje wakipakua mapipa.

Kwa upande wa walimu, kazi inaweza kuanza kesho bila kusubiri waraka. Mchukue mwanafunzi, mpe miyeyusho miwili iliyo maangavu, mmoja wa salfeti na mwingine wa kalsiamu, naye ayachanganye mwenyewe aone weupe unavyozaliwa. Akiuliza kwa nini, mwambie habari za Miller. Huenda siku moja mtoto huyo akaketi mezani mbele ya wauza kemikali kwa niaba ya taifa, akaomba chupa mbili na muda wa kutazama kabla ya kutia saini.