Ziara za ngambo: mwanamuziki apewe mkataba kabla ya kupanda ndege

Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Inchi nzima ilishangilia. Lakini wengi kati ya wale wanaoibeba rumba hiyo, pamoja na miziki mingine ya Kongo, hadi Paris, Brussels ao London, wanasafiri bado kama zamani: bila mkataba wa maandishi na bila kujua watarudi na kiasi gani. Hilo linapaswa kubadilika, na halihitaji feza nyingi.

Anayetazama video ya tamasha huona taa, mavazi na umati. Haoni masaa mengine ya siku. Kikundi kinachozunguka Ulaya huishi ndani ya basi dogo: kuamka mapema, kusafiri masaa 6 ao 8, kushusha ngoma na magitaa, kujaribu sauti, kungoja, kucheza saa moja na nusu, kisha kupakia tena usiku wa manane. Siku isiyo na tamasha ni siku ya hasara, maana hoteli na chakula vinalipwa hata kama hakuna tiketi iliyouzwa. Na viza ya muda mfupi ya Schengen haipitishi siku 90 ndani ya siku 180, basi kila mtu anakimbizana na kalenda.

Feza nazo hazifiki zote. Kabla ya kugawana, hutolewa kodi ya inchi ya ugenini, sehemu ya wakala, tiketi za ndege, mafuta na viza. Aliyeahidiwa kwa mdomo ndiye anayelipwa mwisho, kama kimebaki kitu.

Mfano wa Staff Benda Bilili ungali mbichi. Wanamuziki hawa wa Kinshasa, wengi wao wakiwa walemavu kwa sababu ya polio, walitoka barabarani wakatoa albamu Très Très Fort mwaka 2009. Mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, na kikundi kikazunguka dunia. Miaka 3 tu baadaye, mwaka 2013, kilivunjika katikati ya ugomvi, waanzilishi wakatengana. Njaa haikuwashinda walipolala inje. Mafanikio ndiyo yaliwatenganisha. Kikundi kinapopata jina, maswali ya nani anaamua na nani anapata nini hayangoji tena.

Kuna pia jeraha la zamani. Februari 2003, Papa Wemba alikamatwa Ufaransa, akishitakiwa kuingiza watu kwa njia isiyo halali kwa kuwaandika kama wanamuziki wake. Kinshasa biashara hiyo iliitwa « ngulu ». Alikaa gerezani zaidi ya miezi 3, na mwaka 2004 mahakama ikamhukumu. Wimbo wake haukufa, lakini mashaka yalibaki. Mpiga gitaa wa kweli anayepeleka karatasi zake leo analipa deni ambalo hakulikopa: lazima ahakikishe kwamba ni mwanamuziki, na kwamba atarudi.

Viongozi wa vikundi husema kwamba wao ndio wanaobeba hasara yote, na kwamba mkataba ni mambo ya matajiri. Sehemu ya kwanza ni kweli. Tamasha kadhaa za nyota wa Kongo zilifutwa Ulaya kwa sababu ya vitisho vya wale wanaojiita « combattants ». Tarehe 28 Februari 2020, Fally Ipupa alipocheza Bercy, Paris, magari na pikipiki vilichomwa moto karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Tamasha likifutwa, nyota hurudi na jina lake; mpiga besi hurudi na deni. Karatasi moja inayosema malipo ya kila siku, nani analipa matibabu, na nini kinafanyika tamasha likianguka, haigharimu hata bei ya nyuzi za gitaa.

Kwa wanamuziki wa mashariki mlima ni mrefu zaidi. Ofisi nyingi za viza ziko Kinshasa, na kutoka Goma ao Bukavu hakuna barabara ya kufika kule kwa urahisi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwanzoni mwa 2025. Kijana anatumia akiba yake yote kabla hata hajajibiwa ndiyo ao hapana.

Serikali iliyopiga makofi kwa ajili ya rumba ina kazi mbili za kufanya. Ya kwanza, wizara ya utamaduni iweke mfano mmoja wa mkataba wa ziara, na isitoe barua yoyote ya kuunga mkono ombi la viza bila mkataba huo kutiwa sahihi na kila jina lililo kwenye orodha. Hapo hata « ngulu » atakosa pa kujificha. Ya pili, SOCODA iwafuate watunzi hadi mikoani na kuwaandikisha, kwa sababu wimbo ukichezwa jukwaani Ulaya haki za mtunzi hulipwa, lakini asiyeandikishwa popote hapati kitu.

Na wanamuziki wenyewe waache kuona haya kuuliza. Kuomba karatasi si kumtukana kiongozi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa mwanamuziki, mali ni jasho lake.