Tunachoma Mbolea, Kisha Tunainunua

Mvua inapokaribia, kuandaa shamba mara nyingi huanza na kiberiti. Mabua ya mahindi hurundikwa, yakachomwa, na shamba likaonekana safi. Lakini nitrojeni na salfa iliyokuwa ndani ya mabua hupaa na moshi, na majivu husombwa na mvua za kwanza. Kisha mkulima yuleyule wa Kwamndolwa, Korogwe, au wa Handeni huenda dukani kununua nitrojeni. Agosti 2022 serikali ilipozindua ruzuku, mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umepita Sh130,000, ulishushwa hadi Sh70,000. Ruzuku ile ilikuwa ya haki, nami siipingi. Ila mbolea ya dukani kwenye udongo usio na mboji ni maji ndani ya pakacha: hakuna cha kuishika, na mvua kubwa huichuja ikapotelea chini, mbali na mizizi.

Korogwe ina malighafi ya mboji ambayo wilaya nyingi hazina: makapi ya mkonge. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia korona, mtambo wa kuyachakata, singa ni kilo nne hivi tu; zilizobaki ni maji na makapi. Thamani ya makapi hayo ilishadhihirika Hale, palipojengwa mtambo wa kuyageuza kuwa gesi na umeme. Yakiwa mabichi yana asidi kali, kwa hiyo hayafai kumwagwa shambani moja kwa moja. Yakipangwa kwa tabaka na mabua makavu, samadi na majivu kidogo, lundo huchemka hadi nyuzi joto 60 na kuua mbegu nyingi za magugu. Likipinduliwa kila baada ya wiki mbili, huiva kwa takriban miezi mitatu.

Wanaopinga wana hesabu nzito. Mfuko wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Kuzipata kwenye mboji kavu huhitaji karibu tani mbili. Nani atazibeba? Mara nyingi ni akina mama, ambao tayari wamebeba maji na kuni. Ndiyo maana lundo lijengwe shambani, mabua yaliko, na mboji itiwe konzi moja kwa kila shimo la mbegu badala ya kutapanywa shamba zima. Haitamaliza haja ya urea, wala sidai hivyo. Kazi yake ni kuushikisha udongo maji na kile kilichonunuliwa. Na kama mabua yanaliwa na ng'ombe, vema, mradi samadi irudi shambani badala ya kurundikana zizini.

Pingamizi gumu zaidi ni maji, kwa kuwa lundo kavu haliozi, na mahindi ya masika huvunwa kiangazi kikianza. Hapo makapi ya korona, yaliyolowa tayari, yana thamani kuliko hesabu ya nitrojeni inavyoonyesha. Kwa aliye mbali, ndani ya Handeni, shimo lililofunikwa kwa majani hutunza unyevu kuliko lundo la juu. Kwa walio jirani na mashamba ya mkonge, kinachohitajika ni trekta na tela kwa siku chache mwezi Julai, na bwana shamba wa kusimamia lundo la kwanza. Halmashauri ziketi na wenye mashamba hayo sasa, ili lundo la Julai liwe limeiva mvua za vuli zikianza Oktoba.