Uzamivu wa habari usikwamie mezani

Vyuo vikuu vya Kenya viwabane wasimamizi kwa tarehe kama vinavyowabana wanafunzi wa uzamivu wa habari na mawasiliano.

Mwanafunzi humaliza kozi za nadharia na mbinu za utafiti, hutetea pendekezo, kisha sura ya tasnifu yake hulala kwenye meza ya msimamizi. Muhula ukipita, karo hudaiwa tena. Huo si ukali wa kitaaluma.

Viwango vya vyuo vikuu vya 2014 vilimtaka pia achapishe makala mbili katika majarida yenye uhakiki. Sharti zuri, ila majarida nayo hayana haraka.

Uwanja wenyewe hausubiri: aliyepanga kuchambua Twitter alikuta 2023 mtandao umebadili jina na kuwafungia watafiti data za bure.

Vyuo vitangaze muda wa mwisho wa kurejesha sura, na karo isitozwe kwa ucheleweshaji wa msimamizi.