Ngome Yenye Jina la Yesu

Mwezi huu tuache kidogo habari za ada na za jiko. Nataka nikusimulie safari tuliyofanya na watoto wakati wa likizo, kwa sababu nilirudi na swali ambalo limenikaa moyoni, na huenda wewe pia utaulizwa siku moja na mwanao.

Chanzo kilikuwa picha. Shemeji yangu anaishi Marekani, katika jimbo la Florida. Alituletea picha alizopiga Pensacola, kwenye makumbusho ya ndege za jeshi la majini. Ndege nne za buluu zimening'inizwa darini, zimekaribiana mno utadhani mabawa yanagusana. Alieleza kwamba katika kambi hiyo hiyo kuna ngome kongwe ya matofali iitwayo Barrancas, inayotazama ghuba, kwa hiyo familia zikimaliza kuona ndege huenda kuona ngome. Kijana wetu wa miaka 9 akaibandika ile picha ukutani juu ya kitanda chake. Tangu siku hiyo hatukupumzika. Lini tutaona ndege za vita? Lini tutaona mizinga?

Nauli ya Florida hatuna. Ya Mombasa, tukijibana, inapatikana. Wifi yangu anakaa Likoni na alikuwa akitulaumu miaka mingi kwamba hatumtembelei. Baba watoto akamwambia kijana, "Ndege sikuahidi, ila mizinga ya kweli utaishika kwa mkono wako."

Tulitoka Moshi alfajiri kwa basi. Pale mpakani Holili nikagundua kwamba hati ya safari ya mtoto mdogo nimeiacha ndani ya kabati, juu ya shuka nilizozikunja mwenyewe. Sitaeleza maneno niliyoambiwa na baba watoto. Ilibidi yeye arudi nayo kesho yake, nasi tukalala kwa rafiki. Basi wewe mwenzangu, hati za watoto zitie ndani ya mkoba wako jioni ya kuamkia safari, usimwachie mtu.

Tukafika. Kesho yake asubuhi tukavuka kivuko cha Likoni, sisi na wifi na jirani yake, mama mmoja Mwislamu mwenye watoto wawili wa rika la wetu. Wifi ndiye aliyemwalika, na nilifurahi, maana yule mama amezaliwa Mji wa Kale na kila kichochoro anakijua. Alitupitisha kwanza mahali tukala mahamri na mbaazi, ndipo tukaenda ngomeni.

Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya zamani. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakati Filipo wa Hispania alipokuwa mfalme wa Ureno pia. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama ramani yake utaona mfano wa mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Watoto waliposikia hivyo wakaanza kugombea nani asimame kichwani na nani miguuni. Kuta ni nene kuliko chumba changu cha kulala. Nje yake kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba. Mizinga imepangwa, na kijana wangu aliipanda mmoja baada ya mwingine mpaka akaridhika, au karibu aridhike.

Aliuliza kama ndege ya vita ingeweza kuibomoa. Baba yake, ambaye alifundisha historia kabla ya kustaafu, alishika nafasi hiyo kwa mikono miwili. Akamweleza kwamba mwaka 1942, ndege za Wajapani zilipopiga Colombo siku ya Jumapili ya Pasaka, Waingereza walizileta meli zao za vita Kilindini, ng'ambo tu ya kisiwa hiki. Ngome wakati huo ilikuwa jela. Hakuna aliyeitegemea tena kwa vita, kwa sababu ukuta hauzuii kitu kinachotoka juu. Kijana alitazama angani kwa muda, kisha akatazama lango, ambako mtembeza wageni alikuwa akitusomea maandishi.

Juu ya lango kuna jiwe lililochongwa kwa Kireno. Kapteni wa siku zile anajisifu jinsi alivyoitiisha miji ya pwani. Ndipo mwanangu akauliza, kwa ile sauti yake ambayo haijui kunong'ona:

"Mama, kama ni ngome ya kupiga watu, kwa nini waliiita ya Yesu?"

Nakuambia kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Siyo kwa sababu ya swali tu, bali kwa sababu yule mama jirani alikuwa amesimama kando yangu ameshika mikono ya wanawe, nao wananitazama. Nikasema lile neno ambalo sote tunalisema tukishindwa: "Tutaongea nyumbani." Binti yangu mkubwa akacheka. Anajua kwamba huko nyumbani huwa hatuongei.

Mama jirani ndiye aliyeniokoa. Akasema, "Mwache aulize, mama. Hao Waomani waliowafukuza Wareno nao hawakuja na halua." Tukacheka wote, tukaingia ndani. Lakini swali lilibaki, na kadiri tulivyozidi kutembea ndivyo lilivyozidi kuwa zito.

Mtembeza wageni alitusimulia habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa sultani hapa. Mwaka 1614 aliuawa kwa njama ya Wareno, na mtoto akapelekwa Goa, India, angali mdogo. Huko alilelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa jina Jerónimo, akaoa, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Jina alikuwa nalo, lakini kapteni wa ngome ndiye aliyetawala na kumdharau. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Kisha Wakristo wa mjini, Wareno na Waafrika, wakatakiwa kuikana imani yao, na waliokataa wakauawa, pamoja na wanawake na watoto. Mwaka uliofuata akaiacha Mombasa.

Mimi niliposikia hayo nilimwona yule mtoto tu, mwenye umri kama wa wangu au pungufu, anapandishwa merikebu baba yake akiwa ameshauawa, na wale wanaompandisha ndio watakaomfundisha kusali. Nikawaona na wale waliokufa kwa ajili ya imani, ambao hawakumkosea chochote. Yote mawili yametokea mahali pamoja, na sikujua nianze kulia upande upi.

Tulipofika kwenye mabaki ya kanisa, baba watoto aliwafundisha jambo ambalo hata mimi sikulijua. Neno letu gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, watu wakazoea kuiita ngome nzima kwa jina hilo. Baadaye Waingereza waliifanya jela kweli, tangu 1895 hadi 1958. Kilwa Kisiwani pia iko ngome iitwayo Gereza. Binti yangu akasema, "Kwa hiyo watu waliona kanisa wakaona jela?" Nilimwambia ni historia ya neno tu. Naye akanijibu kwamba maneno hayabadiliki bure. Miaka 14! Shule ya sekondari imemharibu, au imemtengeneza, bado sijaamua.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni habari za maji. Sisi wanawake tukiingia mahali popote tunatafuta maji yako wapi na moto unawashwa wapi. Ngomeni kuna kisima kirefu na birika la maji ya mvua. Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na wenyeji waliokuwa upande wa Wareno wakakimbilia ndani na wake zao na watoto. Mazingira yale yalidumu miezi 33. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa silaha. Mwezi Agosti 1697, kapteni alipofariki, ulinzi wa ngome nzima ulibaki kwa mwana wa ukoo wa kitawala wa Faza, Bwana Daudi, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wengine Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

Hesabu mwenyewe. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume wote waliobaki, nao waliishikilia mpaka msaada ulipofika Septemba. Merikebu iliyokuja nayo, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka ule ule, na mitungi na vyombo vilivyotolewa humo baharini na wazamiaji miaka ya 1977 hadi 1980 utaviona katika makumbusho. Ngome ilianguka Desemba 1698, ndani wakiwa wamebaki wachache sana, na siku chache tu baadaye meli za msaada kutoka Goa zikatokea. Makapteni tunawajua kwa majina. Wale wanawake 50 hata mmoja sikusikia akitajwa. Nilimuuliza mtembeza wageni, akatabasamu kwa upole akasema si wengi wanaouliza.

Basi nikamwita kijana wangu kutoka kwenye mizinga. Nikamketisha kando ya kisima, nikamwambia afikirie mama mwenye mtoto mgongoni anayechota maji hapa huku mawe na risasi vinapita juu ya ukuta. Alinyamaza. Kisha akauliza kama mtoto alipona. Nikamwambia wengi hawakupona.

Usiku ule Likoni, baada ya wali wa nazi na samaki wa wifi, sikungoja tufike nyumbani Moshi. Nilimwita kwenye mkeka nikamjibu. Nilimwambia kwamba wale watu walikuwa wamebatizwa kama sisi, walisali kama sisi, na walilichukua jina la Yesu wakaliweka juu ya mlango wa mizinga yao, na kwamba hilo lilikuwa kosa, hata kama waliofanya ni Wakristo. Nikamwambia pia kwamba waliouawa 1631 kwa kukataa kumkana Yesu walikuwa Wakristo wa kweli, na hao wawili asiwachanganye. Akauliza, "Sasa nikiulizwa na wale marafiki zangu wa leo, nisemeje?" Yaani watoto wa mama jirani. Nikamwambia aseme hivyo hivyo nilivyomwambia. Kesho yake nikawasikia uani wanagawana nani Mreno na nani Mwoman, na wangu anakataa kuwa Mreno.

Sijui kama nilijibu vizuri. Baba watoto anaona nilimbebesha mtoto mzigo mkubwa kuliko kichwa chake. Mimi naona mzigo ule alishaubeba mwenyewe pale langoni, nilimsaidia tu kuuweka sawa. Hatujakubaliana mpaka leo. Ukipenda niandikie wewe ungesemaje.

Ukitaka kwenda, ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nenda asubuhi, kwa sababu saa sita yale mawe yanachoma kama tanuri. Watoto wavae kofia na viatu vya kufunga, maana ngazi zimechakaa na zinateleza. Beba maji yako. Chukua mtembeza wageni hata kama baba watoto ni mwalimu wa historia, na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Usiwaruhusu watoto kukimbia juu ya kuta, ingawa wa kwangu walikimbia. Na ukitoka, wanunulie madafu. Mdogo wangu wa miaka 4 hakumbuki Wareno wala Waomani. Anachokumbuka ni dafu, na kwamba alipigwa na upepo pale juu kichwani mwa yule mtu aliyelala.