Kura Chache Si Kosa la Kufutiwa Jina



Liko jambo dogo kwa sura lakini kubwa kwa uzito, nasi tumeazimia kulisema bila kutafuna maneno. Siku hizi mwanafunzi wa Garsen, Ngao au Kipini akitaka kujua ni akina nani waliowahi kuomba uongozi katika nchi hii, hatafuti jalada kwenye rafu ya maktaba. Hufungua simu, na simu humpeleka Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye tawi la Kiswahili tangu 2003. Asiyekuwamo humo, kwa mwanafunzi huyo, ni kama hakupata kuwako. Kwa hiyo swali la nani aandikiwe makala humo na nani aachwe haliwahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Linamhusu kila mwananchi aliyepigania haki ya kuwa na vyama vingi.

Swali lenyewe ni hili. Mtu aliyewasilisha hati zake za uteuzi, akazunguka vijijini kwa miguu na kwa mtumbwi, kisha akaambulia kura za kuhesabika, je, anastahili makala yake? Wako wanaojibu "hapana" kabla swali halijamalizika: aliyeshindwa ameshindwa, na historia haina nafasi ya kuwapotezea wasindikizaji. Wako pia wanaojibu "ndiyo" kwa kila aliyechapisha bango. Sisi tunasema kwamba pande zote mbili zimepotoka, na upotovu wa upande wa kwanza ndio wenye madhara makubwa zaidi.

Tuitazame kwanza kanuni iliyopo. Katika Wikipedia ya Kiingereza, aliyewahi kuwa mbunge wa taifa huchukuliwa kuwa anastahili makala, hata kama alikaa muhula mmoja na hakufumbua kinywa ila kupiga miayo. Aliyegombea tu hana hakikisho hilo. Ni lazima ionyeshwe kwamba vyombo vya kuaminika, visivyo vyake wala vya chama chake, vimemwandika kwa kirefu. Asipofikia kipimo hicho, makala yake hufutwa, au jina lake huelekezwa kwenye ukurasa wa uchaguzi aliogombea. Mtu yeyote aweza kupendekeza ufutaji, mjadala hufanyika hadharani, na uamuzi hutakiwa kufuata uzito wa hoja badala ya wingi wa mikono. Hatuidharau kanuni hii. Imezuia uongo mwingi. Tunachokipinga ni ile tafsiri ya kivivu isemayo kwamba kura chache ni ushahidi wa mtu asiye na maana.

Tafsiri hiyo inaanguka mara tu tuiwekapo mbele ya historia yetu wenyewe. Mwaka 1982 George Anyona, aliyekuwa amekwisha kuonja kizuizi tangu 1977, alishirikiana na Jaramogi Oginga Odinga katika mpango wa kuunda chama cha pili. Serikali ilitishika hata Juni mwaka huo huo ikakimbilia Bungeni kukiingiza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991 baada ya watu kufungwa, kupigwa na kufa. Tarehe 29 Desemba 1992 Anyona akasimama kugombea urais pamoja na wengine saba, na hakufikisha hata asilimia 1 ya kura. Je, tuseme kwamba mtu ambaye serikali nzima ilibadilisha Katiba ili kumzuia alikuwa msindikizaji?

Tuje 1997. Katika orodha ya wagombea urais 15 alikuwamo Profesa Wangari Maathai kwa tiketi ya chama cha Liberal. Alihesabiwa kura 4,246 katika nchi nzima. Huyu ndiye aliyeanzisha harakati za Mkanda wa Kijani mwaka 1977, akazuia jumba la ghorofa lisijengwe katika bustani ya Uhuru, na mwaka 1992 akakaa na akina mama waliofunga kula wakidai wana wao wafunguliwe. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka Bungeni, na 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Katika orodha hiyo hiyo ya 1997 alikuwamo pia Katama Mkangi wa Pwani, mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya za Kiswahili *Ukiwa*, *Mafuta* na *Walenisi*, aliyewahi kutiwa kizuizini mwaka 1986. Naye hakufikisha asilimia 1. Kama kura zingekuwa ndiyo mizani, wote hao wangefagiliwa pamoja na makapi.

Mtu atatujibu: hao walijulikana kwa matendo mengine. Naam, na hiyo ndiyo hoja yetu! Kura hupima jambo moja tu, yaani ni wangapi walimchagua mtu siku moja. Hazipimi alisema nini, alizuia nini, wala alilipa gharama gani kwa kusema. Yese alipoagizwa kuwaleta wanawe mbele ya Samweli, alimwacha machungani yule aliyeonekana mdogo. Wakristo wanaokijua kisa hicho wasiwe wepesi wa kurudia hesabu ya Yese.

Sasa na tuirejeshe hoja hii nyumbani, kwa maana hapa ndipo inapouma. Kaunti yetu ya Tana River ina maeneo bunge matatu: Garsen, Galole na Bura. Sote tunajua jinsi kura zinavyopigwa. Kabla ya mgombea kutaja sera, ukoo wake umekwisha kuhesabiwa. Mpokomo hutazamwa kama kura za wakulima, Mworma na Mwardei kama kura za wafugaji, na mapatano ya wazee huamua mengi kabla ya sanduku kufunguliwa. Katika hesabu ya namna hiyo, Mwaata anayesimama Garsen hawezi kushinda kwa idadi ya watu wake, hata awe na hekima ya Sulemani. Kadhalika mwanamke asiye na mali, na kijana anayekataa kusema lugha ya "sisi na wao". Tukisema kwamba anayestahili kukumbukwa ni mshindi peke yake, tumesema kwamba jamii iliyo ndogo haitakumbukwa milele. Huko ni kuihamisha dhuluma ya sanduku na kuitia kitabuni.

Na kile kipimo cha pili, cha kuandikwa na magazeti, nacho kina mlango mwembamba kwetu. Magazeti makubwa yana makao Nairobi. Huja Garsen Tana ikifurika, au damu ikimwagika. Mwaka 2012 yalikuja kwa wingi, baada ya Riketa mwezi Agosti, Kilelengwani mwezi Septemba na Kipao mwezi Desemba, maafa yaliyoua zaidi ya watu 100 kabla hayajatulia mapema 2013. Yaliwaandika wenye vyeo waliotuhumiana. Mgombea wa kata aliyekwenda boma kwa boma akiwasihi vijana waweke silaha chini, ni gazeti gani lililomtafuta? Kukosa kuandikwa si ushahidi wa kukosa kutenda. Taifa zima huimba wimbo wake kwa lahani iliyotokana na bembelezi ya Wapokomo, na mzee wetu Meza Galana alikuwa miongoni mwa waliouleta wimbo huo duniani. Waimbao ni mamilioni. Wanaolijua jina lake ni wangapi?

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwamba kila mgombea ni shujaa. Wako wagombea wa mfukoni, wanaosimamishwa na tajiri ili kura za mpinzani zigawanyike. Wako wanaochukua fomu ili walipwe wajiondoe. Wako wanaojiandikia sifa wenyewe, wakazipamba kwa picha, kisha wakauonyesha ukurasa huo kama cheti wanapoomba uteuzi wa kazi ya umma. Kamusi elezo ikiwafungulia wote hao mlango, itageuka ukuta wa mabango ya kampeni, na yule mgombea wa kweli atafunikwa na karatasi zao. Tena katika nchi iliyozika watu kama yetu, neno la kuchonganisha likiwekwa mahali panapoaminiwa na wengi huwa kiberiti. Kwa hiyo tunataka mlango, na tunataka bawabu, ila bawabu asiulize tu, "Ulipata kura ngapi?"

Msimamo wetu basi ni huu.

Kwanza, kila uchaguzi uwe na ukurasa wake uliokamilika, wa ubunge na wa ugavana pia, wenye jina la kila mgombea aliyeidhinishwa na tume, chama chake au kwamba alikuwa mgombea huru, na kura alizopata. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia mzima haki ya kugombea, na cha 85 kinaruhusu mgombea huru. Haki iliyotumiwa hadharani iandikwe hadharani. Hapa pasiwe na kubagua.

Pili, makala ya mtu binafsi yaandikwe pale tu ambapo maisha yake au hoja yake imeacha alama inayothibitishwa na wengine wasio na faida kwake. Hili limhusu mwenye kura 40 na mwenye kura 40,000 kwa mizani ile ile.

Tatu, mtu asijiandikie, na wapambe wake wasimwandikie. Makala yanayochipuka siku za kampeni yatazamwe kwa jicho kali, ya mkubwa na ya mdogo.

Nne, mtu asiandikwe kwa kabila lake kana kwamba hiyo ndiyo sera yake, wala tuhuma isigeuzwe hukumu.

Lakini kanuni njema pasipo ushahidi ni mtumbwi pasipo kafi. Wikipedia haipokei masimulizi ambayo hayajachapishwa, hata yakiwa ya kweli tupu. Hapo ndipo kazi yenu inapoanzia, enyi wanaharakati na waumini. Kanisa lina kumbukumbu za mikutano ya amani: zichapishwe, zikiwa na tarehe na majina ya waliokubali kutajwa. Mdahalo wa wagombea ukifanyika, wasikizwe wote na pawe na mwandishi wa kuweka maneno yao katika taarifa ya kuchapishwa. Matokeo yakibandikwa mlangoni mwa kituo, yapigwe picha kabla ya mvua na mikono kuyachana. Vipeperushi visifungiwe maandazi. Wala jarida hili lisitosheke kuwa shahidi wa marafiki zake. Penye kazi ya upande wetu, atafutwe na mwingine aisimulie.

Wanaokumbuka mlolongo wa 1988 wanajua jinsi mstari mrefu ulivyoweza kutangazwa kuwa mfupi mchana kweupe, na hakukuwa na karatasi za kura za kuhesabiwa upya. Hatukuyapigania masanduku, wino na vyama vingi ili tuje tukumbuke washindi peke yao. Kumkumbuka mshindi pekee kuliwezekana hata chini ya chama kimoja. Uchaguzi hurudi kila Jumanne ya pili ya Agosti katika mwaka wa tano. Kutoka Garsen hadi Kipini, kila kituo na kipate mtu mmoja mwaminifu mwenye kalamu, aandike majina yote, tangu la kwanza hadi la mwisho.