Daktari Mwanafunzi Akiugua

Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Egerton hakiko Njoro kwenye kampasi kuu. Kiko mjini Nakuru, karibu na hospitali ambayo wenyeji hadi leo wanaiita PGH, ingawa siku hizi ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti. Wagonjwa huletwa hapo kutoka Molo, Olenguruone, Baringo na Nyandarua. Vijana wanaoandamana na daktari bingwa wadini asubuhi wengi wametoka kidato cha nne moja kwa moja. Kenya haimtaki kijana amalize shahada nyingine kwanza. Anaingia akiwa na miaka 18 au 19, anasoma miaka sita, anatoka daktari. Kwa hiyo swali la nani aendelee, nani arudie mwaka na nani aruhusiwe kupumzika linamhusu pia mama aliyelala kitandani wadini.

Msimamo wangu ni huu: alama ya kupita isishushwe hata kidogo, ila mwanafunzi aliyepatwa na ugonjwa au msiba asihesabiwe miezi aliyokuwa nje.

Katika vyuo vya umma, kozi nyingi humpitisha mwanafunzi kwa alama 40. Udaktari kwa kawaida hudai 50, na wapo wanaolalamika kwamba huo ni ukali. Mimi siuoni ukali. Mjamzito mwenye kifafa cha mimba akifikishwa hospitalini usiku, hupewa magnesiamu salfeti. Ni dawa inayookoa maisha, lakini ikizidi humzima pumzi. Kabla ya kila dozi inayofuata, daktari anapaswa kugonga goti aone kama mguu unaitika, ahesabu pumzi, apime mkojo uliotoka, na awe na kalsiamu glukoneti karibu iwapo mambo yataharibika. Asiyeyajua haya hafai kuachwa peke yake wadini, hata awe na huzuni gani nyumbani. Akifanya mtihani wa marudio, ule wanaouita sapu, akashindwa tena, kurudia mwaka ni haki kwake na kwa mgonjwa.

Tatizo linaanza pale aliyeshindwa na aliyeugua wanapojikuta kwenye foleni moja. Chukua mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa nne anayelazwa wiki tano kwa kifua kikuu. Hajafeli kitu. Lakini amekosa nusu ya mzunguko wake wa wadi ya watoto, mahudhurio yake hayatoshi, hawezi kufanya mtihani. Anaambiwa aahirishe masomo na angoje darasa linalomfuata. Wiki tano zimezaa mwaka mzima: kodi ya chumba, karo, wenzake wametangulia, na nyumbani watu wanauliza kimyakimya kama kweli alikuwa mgonjwa.

Linganisha na yanayotokea taasisi zenyewe zinaposimama. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na wa mwaka 2024, uliochochewa kwa sehemu kubwa na malipo ya madaktari wanaoanza kazi, ulidumu siku 56. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5. Kazi ikirejea, kalenda hupangwa upya, mitihani husogezwa, masomo yaliyokosekana hufidiwa. Hakuna anayeandikiwa kwamba amerudi nyuma. Kumbe ratiba ya udaktari inaweza kunyooshwa pakiwa na nia.

Na kwa miaka ya wadi, kuinyoosha si jambo zito. Darasa hugawanywa makundi. Kundi moja likiwa kwa watoto, jingine liko upasuaji, jingine kwa wazazi, kisha hupokezana. Wadi ya watoto basi haikosi wanafunzi sehemu kubwa ya mwaka. Aliyekosa wiki tano angeweza kuingizwa kwenye kundi linalofuata au kuzimaliza wakati wa likizo, chini ya mhadhiri yuleyule, kisha afanye mtihani maalum. Miaka ya mwanzo ni migumu zaidi, kwa sababu anatomia na fiziolojia hufundishwa mara moja kwa mwaka kwa mfululizo. Hapo kungoja kunaweza kuwa hakuepukiki, lakini hata hivyo mwaka huo usiingizwe kwenye hesabu ya miaka ya juu anayoruhusiwa kukaa chuoni.

Ugonjwa wa akili unahitaji uangalifu wa peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, uliojumlisha tafiti za nchi zaidi ya 40, ulikadiria kuwa asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake. Wengi hawakutafuta matibabu. Katika mji kama Nakuru naelewa kwa nini: daktari utakayemweleza kwamba hulali usiku anaweza kuwa ndiye atakayekutahini Novemba. Kanuni ya likizo inayomtaka mwanafunzi alete barua kutoka hospitali anamosomea inamfungia mlango mwenyewe. Barua ya daktari wa nje ikubaliwe, na kitivo kipewe tu kile kinachohitaji kujua: kwamba hawezi kusoma sasa, na lini anatarajiwa kurudi.

Najua pingamizi la wahadhiri, na si la kupuuzwa. Wapo watakaougua kila mtihani unapokaribia. Dawa yake ni kumpima anaporudi: aliyekaa nje miezi minane apitishwe kwanza kwenye majaribio ya vitendo kabla ya kukabidhiwa mgonjwa. Hilo linamlinda mgonjwa kuliko kumchosha kijana mpaka akate tamaa.

Kinachobaki ni karatasi. Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza kifungu cha 47 cha Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi wa kiutawala unaomgusa, na kupewa sababu kwa maandishi. Anayeomba likizo hastahili kujibiwa koridoni. Apewe barua inayotaja tarehe ya kurudi, masomo yaliyokwisha kuhesabiwa, yaliyobaki, na kundi atakalojiunga nalo.